Jaji wa Nje Naye Ana Upande

Kamati zinazoandaa mashindano ya vijana kuhutubia katika jamii za wahamiaji, wawe Wasomali wa Minneapolis au Wakongo waliohamishiwa Marekani kutoka kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, hupenda kuamini kwamba haki huletwa na mgeni. Sisi kwa sisi, husemwa, tunajuana mno: huyu mtoto wa mchungaji, yule baba yake ana ugomvi na mwenyekiti. Basi aitwe mwalimu Mmarekani au ofisa wa manispaa, mtu asiye na shemeji wala hasimu ukumbini, atoe alama kwa moyo mweupe. Wazo hili linachanganya mambo mawili: kutomjua mtoto, na kumsikia mtoto bila upendeleo.

Mwaka 1960, jijini Montreal, mwanasaikolojia Wallace Lambert na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio la sauti zilizosoma kifungu kimoja kwa Kiingereza na kwa Kifaransa. Wasikilizaji hawakuambiwa kwamba msomaji alikuwa yuleyule katika lugha zote mbili. Aliposoma kwa Kiingereza walimwona mwenye akili zaidi na wa kutegemewa zaidi. Mwaka 1992 mtafiti Donald Rubin akaeleza jaribio lake kwa wanafunzi wa chuo kikuu Marekani: mhadhara mmoja uliorekodiwa, sauti moja, ila baadhi walionyeshwa picha ya mwanamke Mzungu na wengine picha ya mwanamke wa Kiasia. Walioonyeshwa sura ya Kiasia walielewa machache kuliko wenzao, na wakasikia lafudhi ya kigeni ambayo haikuwapo. Hakuna kati yao aliyekuwa na undugu na mhadhiri, na ugeni huo haukuwakinga na chochote.

Wapo watakaosema fomu ya alama humbana jaji. Tuitazame ya Toastmasters, chama cha kufundishana kuhutubia, inayoigwa sana: maudhui alama 50, uwasilishaji 30, lugha 20. Matamshi yamo ndani ya alama 10 tu, tena yanazigawana na sarufi na uteuzi wa maneno. Kwenye karatasi, basi, lafudhi haiwezi kumwangusha mtu. Lakini jaji anayehangaika kushika maneno ya kijana aliyekulia katika Kiswahili cha Fizi, mashariki mwa Kongo, atazitoaje kwa haki zile 50, na maudhui yenyewe hayajamfikia? Wanaisimu Susan Gass na Evangeline Varonis walionyesha mwaka 1984 kwamba kuizoea lafudhi, hata kuizoea mada, humwongezea msikilizaji uelewa. Kijana akiipita kambi kwa sentensi moja kwa kuwa waliokaa mbele yake wameishi humo, mwenyeji husikia ufupi wenye busara, mgeni huandika kwamba hakufafanua.

Pingamizi la kwamba vijana hawa watahojiwa kazini na wageni halinisumbui. Wafundishwe hayo kwa siku yake, kwani hotuba hupimwa kwa wale inaowaelekea. Zito zaidi ni lile la upendeleo wa wenyeji. Upo, na si wa kindugu tu: huko Montreal wasikilizaji wenye Kifaransa chao wenyewe waliishusha sauti ya Kifaransa. Mwenyeji anayeionea haya lafudhi yake atamwadhibu mtoto anayemkumbusha. Ndiyo maana dawa ni utaratibu: majaji watano, wageni wakiwa wachache kati yao; mwenye undugu ajitoe; kila mmoja ajaze fomu bila kushauriana; alama ya juu kabisa na ya chini kabisa zitupwe; na kabla ya siku yenyewe wote wasikilize rekodi chache, kila mmoja aeleze alama zake mbele ya wenzake. Ni kazi ya jioni moja. Kamati huikwepa kwa sababu nyingine kabisa: jaji mwenyeji akikosea atalaumiwa harusini na msibani mwaka mzima, ilhali mgeni hupanda gari lake akaenda zake.