Rubani Aliyegeuza Ndege Asinuniwe

Na Rashidi Mkwawe

Alfajiri katika Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, abiria wakiwa bado wanakunywa chai, rubani wa Cessna 172 huinama chini ya bawa na kikombe cha plastiki angavu. Hukisukuma kwenye vali ya tangi, akakinga mafuta kidogo, kisha akakiinua kwenye mwanga. Petroli ya ndege hizi, 100LL, hutiwa rangi ya buluu makusudi. Tone lisilo na rangi likijikalia chini ya kikombe, hayo ni maji, pengine unyevu wa usiku ndani ya tangi lililolala nusu. Humwaga na kukinga tena mpaka ibaki buluu tupu. Maji hayo yakiingia kwenye injini ndege ikiwa ndiyo kwanza imeacha lami, huko juu hakuna kando ya barabara pa kuegesha.

Kisha huja hesabu ya joto. Wilson uko takriban futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, na kwa kipimo cha usafiri wa anga hewa ya mwinuko huo ingekuwa na nyuzi joto 4 hivi. Mchana wa nyuzi 28, hewa huwa nyepesi kama ile ya futi 8,400. Injini hupungukiwa nguvu, mabawa hukosa hewa ya kuyabeba, na njia ya kurukia iliyotosha asubuhi huwa fupi saa nane mchana. Rubani anayemwambia abiria aache sanduku moja hamfanyii ukorofi.

Mafuta na mizigo hupimika. Wingu ndilo lenye hila.

Mwaka 1954, watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwajaribu watu 20 wasio na uzoefu wa kurusha ndege kwa kutegemea vyombo peke yake, wakawazuia kuona nje. Wote 20 walishindwa kuidhibiti ndege, baada ya wastani wa sekunde 178. Wa kwanza kushindwa alidumu sekunde 20. Asipoona upeo wa macho, rubani huamini sikio lake la ndani, nalo humwambia ndege imenyooka ilhali inazunguka kuelekea chini.

Usiku wa Julai 16, 1999, John F. Kennedy Jr., mwana wa aliyekuwa rais wa Marekani, ambaye hakuwa na kibali cha kuruka kwa vyombo, alirusha Piper Saratoga yake juu ya bahari yenye utusitusi karibu na kisiwa cha Martha's Vineyard. Wachunguzi walihitimisha kuwa alipoteza mwelekeo. Walikufa watu watatu.

Madereva wetu huandika "Kawia Ufike" nyuma ya malori, na abiria huyasoma maneno hayo wakatabasamu. Abiria hao hao wakipanda ndege ndogo hutazama saa, humkumbusha rubani kwamba wana ndege nyingine ya kuwahi, na akigeuza njiani humnunia. Shinikizo hilo nalo ni mzigo, ila halipandi kwenye mizani.

Wamiliki wa kampuni za ndege ndogo waandike kwenye kanuni zao kwamba rubani aliyegeuza kwa sababu ya hali ya hewa hatakatwa hata shilingi moja. Na abiria akiambiwa safari imesogezwa mpaka ukungu uondoke, aagize chai nyingine.