TAHARIRI: Seneti Haikuundwa kwa Siku za Mashtaka Pekee



Mkenya wa kawaida akiulizwa Seneti hufanya kazi gani, mara nyingi hutaja siku za mashtaka. Atakumbuka Oktoba 17, 2024, maseneta walipopiga kura ya kumwondoa madarakani Naibu wa Rais, Rigathi Gachagua. Atawakumbuka pia magavana walioondolewa na Baraza hilo: wa Kiambu katika Januari 2020, wa Nairobi katika Desemba ya mwaka uo huo, na wa Meru katika Agosti 2024. Siku hizo redio husikilizwa hadi usiku wa manane, na kila mtu huwa hakimu.

Lakini siku za namna hiyo ni chache. Katika siku nyingine zote, maseneta wetu hufanya nini, nasi tunawauliza nini? Hilo ndilo swali tunalotaka tulitafakari pamoja, kwa sababu katika kazi hizo zisizo na kelele ndimo hupimwa dawa ya zahanati, maji ya kijiji na mshahara wa muuguzi.

Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 96, yatamka wazi kwamba Seneti huwakilisha kaunti na kulinda maslahi yake. Hushiriki kutunga sheria zinazozihusu kaunti, huamua jinsi fedha za taifa zitakavyogawanywa baina ya kaunti 47, tena huchunguza matumizi ya fedha hizo. Ina maseneta 47 waliochaguliwa na wananchi, wanawake 16 walioteuliwa na vyama, vijana wawili na wawakilishi wawili wa watu wenye ulemavu, pamoja na Spika. Katika miswada inayohusu kaunti, kila ujumbe wa kaunti una kura moja tu. Lamu, ambayo kwa hesabu ya mwaka 2019 haikutimiza watu 144,000, ina kura moja; Nairobi, yenye watu zaidi ya milioni nne, nayo ina kura moja. Mpango huu haukuwekwa kwa bahati. Uliwekwa ili wachache wasimezwe na wengi.

Tusisahau tulikotoka. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1963 ilikuwa na Seneti ya wajumbe 41. Mwaka 1966 Katiba ilibadilishwa, Baraza hilo likaunganishwa na Baraza la Wawakilishi, na sauti ya wilaya ikafifia. Seneti haikurudi hadi baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Katika miaka hiyo yote, barabara na hospitali zilifuata ukaribu wa mtu na mamlaka kuliko mahitaji ya watu. Wakazi wa kaskazini na wa sehemu nyingine kame wanalijua jambo hili pasipo kufundishwa na yeyote.

Hata iliporudi, Seneti ililazimika kudai nafasi yake. Mwaka ule ule wa 2013 mswada wa kugawanya mapato baina ya serikali ya taifa na kaunti ulitiwa sahihi pasipo Baraza hilo kukamilisha sehemu yake. Mahakama ya Juu, ilipoombwa ushauri, ilieleza kwamba Seneti haikupasa kuachwa nje. Mwaka 2020 maseneta wenyewe walishindwa mara nyingi kukubaliana juu ya kanuni ya kugawanya fedha baina ya kaunti, kwa kuwa baadhi ya kaunti zingepoteza mamilioni mengi ili nyingine zipate. Katika Agosti ya mwaka huo maseneta watatu walikamatwa na polisi siku moja. Mwafaka ulipatikana Septemba, kwa ahadi kwamba fungu la kaunti lingeongezwa hadi shilingi bilioni 370.

Yaliyotokea mwaka 2024 yatufundisha zaidi. Baada ya vijana kuandamana na Mswada wa Fedha kuondolewa, fungu la kaunti lililokuwa limepitishwa kuwa shilingi bilioni 400.1 lilirudishwa mezani lipunguzwe. Bunge la Kitaifa lilitaka kiasi kidogo, Seneti ikakataa, na kamati ya upatanisho ikaundwa. Mwisho wake ulikuwa shilingi bilioni 387.4, wakati mwaka wa fedha, unaoanza Julai, ulikuwa umekwisha kufika katikati. Mwaka 2025 mabaraza hayo mawili yalivutana tena kabla ya kukubaliana juu ya bilioni 415. Wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi, na nyasi hapa ni mama mjamzito anayefika zahanati akaambiwa akanunue glavu dukani.

Hatusemi kwamba Seneti isibishane. La hasha! Katiba yaagiza kaunti zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, na asilimia hiyo ni sakafu, siyo dari. Kuitetea ni wajibu. Yaagiza pia kwamba fungu la kaunti lifikishwe bila kucheleweshwa pasipo sababu. Tunachosema ni kwamba mabishano yana msimu wake, nao ni kabla ya mwaka wa fedha kuanza.

Kadhalika, mlinzi wa fedha hana haki ya kusinzia zikiisha kufika. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hutakiwa kutoa taarifa zake katika miezi sita baada ya mwaka wa fedha kwisha, nazo zijadiliwe katika miezi mitatu. Seneta anayepaza sauti kudai mabilioni zaidi kwa kaunti, kisha akakaa kimya gavana wa chama chake anaposhindwa kueleza zilikokwenda, ametetea nini? Na seneta anayemwandama gavana kwa sababu yeye mwenyewe anautamani ugavana amegeuza uchunguzi kuwa kampeni. Yote mawili ni kuwadhulumu wananchi.

Sisi nasi tuna wajibu wetu. Kwanza, Ibara ya 118 yalitaka Bunge lifanye kazi zake hadharani na kuwashirikisha wananchi. Tukiitwa kutoa maoni juu ya mswada, twende, au tuandike. Pili, Ibara ya 119 yampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni. Kikundi cha akina mama, wakulima au wafugaji waweza kufanya hivyo bila wakili. Tatu, tumwulize seneta wetu, anapokuja kijijini kwa mazishi au harambee, alipiga kura gani juu ya mgawo wa mapato na ni taarifa gani ya ukaguzi aliyoichunguza. Seneti imewahi kutoka Nairobi na kufanya vikao Eldoret mwaka 2018, Kitui mwaka 2019 na Turkana mwaka 2023. Nasi tusiingoje ije mlangoni ndipo tuseme.

Lipo jambo moja lisilofaa kungoja. Katiba iliunda Hazina ya Usawazishaji, nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa, ili kupeleka maji, barabara, afya na umeme katika sehemu zilizoachwa nyuma. Hazina hiyo iliwekewa umri wa miaka 20, nao watimia mwaka 2030. Kuirefusha kwahitaji kura za zaidi ya nusu ya wabunge wote na zaidi ya nusu ya wajumbe wa kaunti katika Seneti. Twawaomba maseneta waanze sasa kuhesabu ni visima vingapi vilivyochimbwa na fedha hizo, vingapi vinatoa maji, na ni nani bado wanachota kwenye madimbwi pamoja na mifugo yao. Twawaomba wasomaji wetu, hasa wa sehemu hizo, wafanye hesabu iyo hiyo huko waliko na kuipeleka kwa maandishi kwa maseneta wao kabla muda haujapita.