Mwanafunzi wa Ng'ambo Si Bonasi

Huku kwetu Soin kuna imani iliyoota mizizi kuliko miwa: mtoto akishapanda ndege kwenda kusoma, ameomoka. Akija likizo, avunwe. Akirudi chuoni, karudi kwenye raha zake. Imani hiyo ni ya uongo, na wanaoumia ni watoto wetu wenyewe.

Agosti iliyopita binti wa kaka yangu alikuja nyumbani kutoka Kanada, wiki tatu, mara ya kwanza tangu aondoke. Siku ya pili tu boma lilijaa. Mmoja kaja na barua ya karo ya kidato cha pili, mwingine na habari za pikipiki inayouzwa bei ya kutupa, mzee wa kanisa na kadi ya mchango wa paa. Wote waliitazama simu yake. Mkono ulioishika hakuna aliyeutazama. Mimi niliuona jioni, alipokuwa akisugua kibuyu cha maziwa ya mursik kwa ufito wa sosiot: vidole vimepasuka kwenye ncha, ngozi imekauka kama gome. Nikamuuliza. "Ni dawa za kusafishia, shangazi. Nasafisha maofisi usiku." Kisha akanisihi nisimwambie baba yake.

Na zile nguo alizotugawia? Alizinunua kwa mkopo, kwa sababu alijua tungesema nini angekuja mikono mitupu.

Hebu tupige hesabu. Kanada inamruhusu mwanafunzi mgeni kufanya kazi nje ya chuo saa 24 tu kwa wiki masomo yanapoendelea. Uingereza wengi wao huruhusiwa saa 20. Marekani ni 20 vilevile, tena kwa kawaida ndani ya chuo. Akizidisha, anaiweka viza yake hatarini. Kwa saa hizo alipe chumba, chakula, nauli, na karo ambayo mgeni hutozwa mara kadhaa ya mwenyeji. Sasa niambie, pesa ya pikipiki inatoka wapi?

Sisi si wageni wa hesabu ya namna hii. Muwa hukaa shambani kama mwaka mmoja na nusu kabla ya trekta kuuburuta kwenda Muhoroni au Chemelil, na tumeiona hasara ya wanaokata muwa mchanga kwa haraka ya pesa. Wenzetu wa juu, kwenye majani chai, wanajua bonasi huja Oktoba ilhali vyuo vingi vya ng'ambo hufunguliwa Septemba. Ndiyo maana ng'ombe huuzwa Agosti. Mkulima anayeyaelewa haya yote anawezaje kumdai mwanafunzi wa mwaka wa pili mavuno?

Wako watakaonijibu kwamba fulani kamjengea mama yake nyumba ya mawe. Ni kweli, na Mungu ambariki. Mwaka 2024 pesa walizotuma Wakenya wa ng'ambo zilikaribia dola bilioni 5. Lakini huyo fulani ni muuguzi aliyeajiriwa, au dereva wa lori aliyekaa huko miaka 10. Tunamtia kapu moja na mwanafunzi kwa kuwa wote wameshuka kwenye ndege.

Imani hii ndiyo pia inayowafungulia mlango wanaotula. Mwaka 2023 wazazi wa Uasin Gishu waliandamana Eldoret wakidai pesa walizolipa kwenye mpango wa kaunti wa kupeleka watoto Ufini na Kanada. Wapo waliouza mashamba. Watoto waliokwisha kufika Ufini walikuwa wakitishiwa kufukuzwa kwa karo ambayo haikufika. Mzazi anayeamini kwamba kupanda ndege ndiko kuomoka hatauliza chuo ni kipi, karo ya mwaka wa pili italipwa na nani, wala pesa zake zimewekwa akaunti ya nani.

Usiku wa kuondoka kwake tulipima begi kwa mizani ya posho mill ya jirani: kilo 23, hakuna nafasi ya hata pakiti moja zaidi ya majani chai. Mama yake akatoa koti zito ili unga wa wimbi uingie. Binti akalivaa koti lile mwilini, katika joto letu la Soin, akaingia garini. Alitua Jumapili asubuhi. Jumapili usiku alikuwa kazini, na Jumatatu saa mbili yuko darasani. Ujumbe wa kwanza uliomfikia kutoka nyumbani ulikuwa wa binamu: "Umefika salama? Usinisahau na ile kitu."

Desemba wengine watakuja. Wewe uliye na kadi ya mchango, iache nyumbani. Mpe mtoto mursik, muulize analala saa ngapi kwa siku, na umsikilize mpaka amalize.