Farasi Si Pambo: Ishara na Majonzi katika "Toska" ya Anton Chekhov

Upo mtindo uliokita mizizi katika uhakiki wa hadithi fupi, nao ni ule wa kuzihesabu ishara kama mwenye duka ahesabuvyo bidhaa zake. Theluji ni kifo, usiku ni ujinga, farasi ni upweke. Mwanafunzi huorodhesha, mwalimu husahihisha, na hadithi yenyewe hubaki haijasomwa. "Toska", hadithi ya Anton Chekhov iliyochapishwa katika gazeti la St. Petersburg mwaka 1886, yadhihirisha ukubwa wa hasara hiyo.

Msuko wake ni mwepesi. Iona Potapov, mzee mwendesha gari la farasi la kukodiwa, amefiwa na mwanawe juma lilo hilo. Ajaribu kumweleza abiria afisa wa jeshi, kisha vijana watatu walevi, kisha bawabu, kisha mwendesha gari mwenziwe kijana anayeamka usiku kunywa maji. Hakuna amsikizaye. Mwishowe aenda zizini na kumsimulia farasi wake jike yote yaliyomsibu.

Wahakiki wa orodha huikimbilia theluji iliyomfunika Iona mwanzoni mwa hadithi, wakaitangaza kuwa ni sanda. Wanalolisahau ni kwamba theluji hiyo hiyo imemfunika na farasi, na kwamba wote wawili wamesimama kimya bila kujitikisa. Zaidi ya hayo, kabla msomaji hajajua kuwa Iona amefiwa, msimulizi amekwisha kumpa farasi majonzi yake: ni mnyama aliyeng'olewa kwenye plau na mandhari aliyoyazoea, akatupwa katika mji wa taa kali na makelele. Kwa hiyo farasi si kioo kilichowekwa pale ili kuakisi huzuni ya bwana wake. Naye pia ana alichopoteza. Usuhuba wao wajengwa na baridi moja, kazi moja na njaa moja. Fedha ya nafaka isipopatikana, farasi hula nyasi kavu, na Iona asema kama kwamba wanazila pamoja.

Wako wengine wadaio kwamba mwisho wa hadithi ni ushahidi wa upweke usio na tiba, maadamu mnyama haelewi lugha. Hoja hii yaonekana nzito, lakini yaanguka mara ipimwapo kwa hadithi yenyewe. Abiria wote wanaielewa lugha. Kijana kibyongo, akiambiwa habari ya kifo, ajibu kwamba kila mtu atakufa, kisha ahimiza gari liende mbio. Kuelewa maneno, basi, hakukumfaa Iona kitu. Farasi hatafuni maneno bali nyasi. Hata hivyo yupo, hageuki, na pumzi yake yaigusa mikono ya mzee. Chekhov hapimi uandani kwa akili ya msikilizaji. Aupima kwa kukaa kwake.

Jambo zito zaidi limo katika maneno ya Iona mwenyewe. Amwomba farasi awaze kwamba alikuwa na mwana, naye ndiye mama mzazi, na ghafla mwana huyo akafa. Hapa ishara haitoki kwa msimulizi wala kwa mhakiki. Yatungwa na mfiwa asiyesoma, kwa sababu hana njia nyingine ya kufikisha msiba wake. Aliyenyimwa huruma ndiye amtangulizaye mwenziwe kwa huruma: ampa farasi uzazi na uchungu wa uzazi, ndipo amwombe ausikilize wake. Ishara, katika hadithi hii, ni kazi ya lazima ifanywayo na mtu aliyebanwa. Kuiita pambo la fani ni kumtukana.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya pekee ya kuliona hili. Katika jamii anamoishi mfiwa hukaliwa matanga. Watu humhani, naye husimulia jinsi marehemu alivyougua, alivyokata roho, na maneno aliyoyaacha. Hayo hasa ndiyo Iona anayoyatamani: kueleza ugonjwa, maziko, safari ya kuzifuata nguo za mwanawe hospitalini, na habari za binti aliyebaki kijijini; na msikilizaji agune, asikitike, alie. Mji umemnyima matanga, na zizi likawa mahali pake pa kuyakalia.

Basi mhakiki aandikaye kwamba farasi ni ishara ya upweke, kisha akahamia ishara ifuatayo, amefanya kama yule kibyongo: amesikia habari ya msiba, akahimiza gari. Ufundishaji wa fasihi utakaomzoeza kijana kusoma hivyo utamzoeza pia kuwapita wafiwa walio hai.