Mchezo Ufundishao



Aghalabu mtoto aanzaye chuo hurudi nyumbani akilia, kwa kuwa amechanganya ba na ta, akaambiwa hana akili. Aambiwapo hivyo mara kwa mara huingiwa na hofu, na hofu ikizidi hukichukia chuo chenyewe. Na kosa si la akili yake. Ba, ta na tha zina mwili mmoja. Hutengwa kwa nukta tu, na jicho la mtoto bado halijazizoea.

Basi na tumsaidie kwa mchezo. Twaa boksi kuukuu, ukate umbo la mashua, kadiri ya kiganja. Kisha mpe komwe tatu, zile zichezewazo bao. Komwe moja chini ya mashua ni ba. Mbili juu ni ta. Tatu juu ni tha. Azihamishe kwa mkono wake mwenyewe, huku akitamka. Akishazijua, mkatie umbo la pili, lenye kichwa bapa na tumbo la mviringo. Komwe tumboni ni jim. Bila ya komwe ni ha. Komwe juu ya kichwa ni kha. Kwa vipande viwili na mbegu tatu, amekwisha kujua herufi sita katika zile 28. Siku nyingine kosea wewe makusudi, yeye akusahihishe, utaona atakavyofurahi.

Lakini asiyetimiza miaka 3 asipewe komwe, zisije zikamkaba kooni. Wala tusiandike aya au jina la Mwenyezi Mungu juu ya kitu kitakachokanyagwa.

Wako wasemao kwamba mchezo hauna nafasi katika mambo ya dini. Hao na wakumbuke hadithi ya Bibi Rubayyi binti Muawwidh (R.A.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Siku ya Ashura watoto walifungishwa saumu, na wakubwa wao wakawatengenezea vitu vya kuchezea kwa sufu. Mtoto akililia chakula, alipewa kichezeo hicho mpaka wakati wa kufuturu.

Wao walitumia sufu iliyokuwamo majumbani mwao. Sisi tunayo maboksi na komwe. Linalotakiwa zaidi ni robo saa ya mzazi kuketi mkekani na mwanawe, amfundishe pasipo kumtukana.

Wabillahi tawfiq.