Mgongo wa farasi, ukaidi wa maksai

Wiki nzima hii nimekuwa nikisoma kuhusu migongo ya farasi wa mashindano. Najua wapo watakaocheka. Mwandishi wa habari wa Mshangano, Songea, mahali ambapo farasi tunamwona kwenye luninga tu, anakosa usingizi kwa ajili ya mgongo wa farasi? Mhariri mmoja niliyempelekea wazo hili alicheka pia, akaniambia niandike bei ya mahindi. Bei ya mahindi nimeiandika. Hili la mgongo nalileta hapa kijiweni kwetu, maana hapa hakuna wa kunikatalia.

Hoja yangu ni hii. Mnyama anayetufanyia kazi akigoma tunamwita mkaidi, mvivu au mwenye kichaa, halafu tunaokota fimbo. Wenzetu wanaofuga farasi wa mbio na wa kuruka viunzi walikuwa hivyo hivyo, na wengi wao bado wapo hivyo. Waliobadilika hawakubadilishwa na huruma peke yake, msidanganyike. Ni pesa. Farasi aliyenunuliwa kwa bei ya nyumba akikataa kuruka, mwenye mali anataka kujua kwa nini. Wakaanza kupima, na walichokikuta kinatuhusu sisi wa maksai na punda kuliko tunavyodhani.

Farasi ana pingili 18 za uti wa mgongo zenye mbavu, na kwa kawaida 6 nyingine za kiuno. Kila pingili ina mfupa unaochomoza kwenda juu, ukizitazama zote kwa ubavuni ni kama meno ya kitana. Mpandaji anakaa juu ya zile za mwisho mwisho za kifua. Sasa kuna farasi ambao meno hayo ya kitana yamesogeleana mno, yanagusana na kusuguana, hasa kati ya pingili ya 13 na ya 18, yaani chini ya tandiko kabisa. Waingereza wameupa ugonjwa huo jina la kimzaha, wanasema mifupa inabusiana. Busu gani hilo la kumfanya mnyama amtupe mtu chini!

Hapa ndipo niliponogewa. Ungedhani kazi imekwisha: piga picha ya eksirei, ona mifupa inabusiana, tibu. La hasha. Wapo farasi wengi ambao picha zao zinaonyesha mifupa imegusana na hawaumwi chochote, wanakimbia na kushinda. Na wapo wenye picha safi ambao ukiwagusa mgongoni wanabonyea kama godoro. Daktari wa mifugo Leo Jeffcott mwaka 1980 alichapisha uchunguzi wa farasi 443 wenye matatizo ya mgongo, na kilichoonekana ni kwamba "kuumwa mgongo" si ugonjwa mmoja: wengine shida ni misuli, wengine kano, wengine mifupa yenyewe.

Kwa hiyo daktari anayejua kazi yake haanzi na mashine. Anaanza na maswali, kama sisi waandishi. Ameanza lini kugoma? Anagoma akitandikwa, akipandwa, au akigeuka upande mmoja? Tandiko limebadilishwa? Halafu anamtazama amesimama, kutoka nyuma, kuona kama misuli ya kushoto na kulia inalingana. Anapapasa kwa vidole pande zote mbili za uti wa mgongo, polepole, kutoka mabegani hadi kiunoni. Anataka amwone akitembea, akikimbia taratibu, akizunguka duara, na mwishowe akiwa amepandwa. Tandiko nalo linachunguzwa, na anayelipanda pia. Mashine zinakuja mwisho, zikisaidiwa na sindano ya ganzi: ukiweka ganzi mahali unapopashuku na mnyama akabadilika hapo hapo, umeshamkamata mwizi.

Na mara nyingi mwizi hayupo mgongoni. Mwaka 2013 watafiti Line Greve na Sue Dyson walitoa kazi yao juu ya matandiko yanayoteleza upande mmoja. Watu walikuwa wakilaumu fundi wa tandiko, au mpandaji kwamba anakaa upande. Kumbe kwa farasi wengi tandiko lilikuwa linateleza kwa sababu mguu wa nyuma ulikuwa unauma, wakati mwingine kwa kiasi ambacho macho ya kawaida hayaoni kuchechemea. Mguu ulipotiwa ganzi, tandiko likatulia. Mgongo ulikuwa unalipa deni la mguu.

Mwaka 2018 huyo huyo Dyson na wenzake wakatoa orodha ya dalili 24 za kumtazama farasi aliyepandwa. Masikio kulazwa nyuma kwa muda mrefu, mdomo kuachama mara kwa mara, mkia kupigwa pigwa, kukataa kwenda mbele, kujikwaa, na kadhalika. Zikionekana 8 au zaidi, kuna uwezekano mkubwa mnyama ana maumivu. Ukiisoma orodha ile utadhani ni ripoti ya mwalimu wa zamu juu ya mwanafunzi mtundu. Ndiyo hoja yenyewe. Yote tuliyokuwa tukiyaita utundu ni lugha.

Matibabu nitayapita haraka maana si mtaalamu na sitaki mtu akaanze kudunga wanyama kwa kusoma hapa. Tiba hutegemea kilichopatikana. Kuna kupumzishwa, dawa za kupunguza maumivu, sindano za dawa ya kutuliza uvimbe katikati ya mifupa inayosuguana, na kwa wachache upasuaji. Tangu mwaka 2012 kuna njia, iliyochapishwa na Richard Coomer na wenzake, ya kukata kano zilizo kati ya mifupa hiyo bila kuuondoa mfupa. Lakini yote hayo hayafiki mbali bila mazoezi ya kujenga upya misuli ya mgongo na tumbo, wiki baada ya wiki, na tandiko linalomkaa. Dawa bila mazoezi ni kumnunulia muda tu.

Sasa turudi Songea. Farasi hawakukosekana kwetu kwa bahati mbaya. Ndorobo, na ugonjwa wa virusi unaowaua farasi wa Afrika, ndivyo vilivyofunga mlango. Mwaka 1916, Jenerali van Deventer alipoongoza wapanda farasi wa Afrika Kusini kuelekea Kondoa Irangi, farasi walikufa ovyo njiani. Mizigo ya vita ile ikahamia kwenye migongo ya watu. Kila ukishuka Kariakoo pale Dar es Salaam kununua simu, unatamka jina la wale wapagazi. Kwa hiyo suala la nani anabeba na nani anaumwa si geni nchi hii.

Wanaobeba hapa kwetu leo, ukiacha bodaboda na malori, ni maksai. Mwaka jana jirani yetu mmoja, mzee ninayemheshimu sana, alikuwa na maksai wawili wa kukokota mkokoteni wa mahindi. Mmoja alianza kugoma. Akisogezewa nira anarudi nyuma, akifungwa anavuta upande upande. Mzee akasema huyu kachoka maisha, msimu ukiisha anakwenda buchani.

"Shikamoo mzee. Bwana mifugo amemwona?"

"Marahaba. Bwana mifugo wa nini, mwanangu? Huyu haumwi. Anakula vizuri kuliko mimi."

Bwana mifugo alikuja kwa shughuli nyingine, chanjo ya kuku, tukambembeleza amtazame. Alichofanya sikukielewa siku ile, nimekielewa wiki hii. Hakuwa na mashine. Alisema mnyama atembezwe kwenda na kurudi barabarani bila nira. Akampapasa kuanzia nundu hadi kiunoni, na kiunoni ngozi ikaruka. Sisi wote tukasema basi, ni mgongo. Yeye akainama kwenye miguu ya nyuma. Katika kwato moja ndani kulikuwa na usaha, kijiwe kilikuwa kimepenya muda mrefu. Akafungua, akasafisha, akaagiza dawa na mapumziko. Kisha akaishika nira, akaipitisha kiganja kwa ndani, akaonyesha mahali palipolika upande mmoja pakabaki na ncha kama kisu butu. Ikachongwa siku ile ile. Maksai yule bado anakokota, na mzee hamwiti tena mvivu, sasa anamwita mheshimiwa.

Tafakari kidogo. Mnyama yule angeuzwa kwa bei ya nyama. Mzee angetafuta mwingine wa kumfundisha upya, na maksai hafundishwi kwa siku mbili. Ada ya mjukuu ingeyumba. Vyote hivyo kwa kijiwe kwenye kwato na nira iliyolika. Haihitaji eksirei ya Newmarket. Inahitaji mtu mwenye macho, vidole na nusu saa.

Punda ndiye ninayemhurumia zaidi. Farasi akiumwa atarusha mateke, punda atanyamaza. Madaktari wanasema punda huficha maumivu kiasi kwamba akionekana wazi kuumwa ujue hali imeshakuwa mbaya. Hata dawa zake si za kunakili kutoka kwa farasi: dawa ya maumivu ya fenilibutazoni, inayotumika sana kwa farasi, mwili wa punda huiondoa haraka zaidi, hivyo ratiba ya farasi kwake ni pungufu. Lamu, ambako punda ni gari, lori na mwanamichezo (mbio za punda wakati wa Maulidi zinajaza watu ufukweni), kuna kituo cha kuwatibu tangu 1987. Nairobi farasi wa uwanja wa Ngong wana madaktari wao. Punda wa kubeba maji Dodoma, niliyemwona kila siku nikiwa chuoni, mwenye kidonda mgongoni ukubwa wa sahani, ana nani?

Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kusitisha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Nilishangilia. Ila kumwokoa na kisu halafu kumrudishia mzigo juu ya kidonda ni nusu ya kazi. Sisi wenyewe tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza ukatili kwa wanyama. Mimi nimekaa mahakamani nikiandika kesi za wizi wa kuku hadi nimechoka. Kesi ya mnyama aliyetwishwa kupita kiasi sijawahi kukaa hata moja.

Kuna rafiki yangu aliyesoma rasimu hii akanijia juu. Kaka, watu wenyewe wanaumwa migongo! Kuli wa sokoni anabeba lumbesa, mgongo ukiuma anameza diklofenaki na kurudi kazini, wewe unalilia ng'ombe? Nimemsikia. Jibu langu ni kwamba tabia ni ile ile. Anayemwambia kuli mvivu ndiye anayemwambia maksai mkaidi, na gunia ni lile lile. Lumbesa imekatazwa miaka nenda rudi kwa ajili ya kumpunja mkulima, ila hakuna anayezungumza juu ya mabega yanayoibeba. Tofauti ni kwamba kuli anaweza kugoma kwa maneno.

Na kwa kuwa nimetaja diklofenaki: tafadhali msiwape ng'ombe dawa hizo za binadamu. Kusini mwa Asia tumbusi waliokula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa diklofenaki walikufa karibu waishe, mpaka India ikaipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2006. Sisi jirani zetu ni mbuga zenye tumbusi.

Ninachodai ni kidogo. Vyuo vya mifugo viwape vijana muda wa kutosha wa kujifunza kupapasa na kutazama mnyama akitembea, maana huko vijijini ndicho kipimo pekee watakachokuwa nacho. SUA kule Morogoro wana wataalamu, na hiyo orodha ya dalili 24 inaweza kutazamwa upya kwa macho ya maksai na punda wetu, kisha iandikwe kwa Kiswahili kwenye karatasi moja ya kubandika kwa mtendaji wa kata. Halmashauri zinazotoza ushuru wa mazao yanayofika kwa mkokoteni zione nira na shogi kama zinavyoona leseni ya bodaboda.

Na wewe unayekwenda mnadani kununua maksai, kabla hujataja bei mwombe muuzaji amtembeze hatua 20 kwenda na 20 kurudi. Simama nyuma yake. Tazama kiuno, usitazame pembe.