Kosa la nukta-mkato halingoji mtu wa Kinshasa

Tovuti ya shule, parokia au chama ikizimika hapa Kasongo, Maniema, kauli ni ileile: vijana wasiguse, aitwe mtaalamu wa Kinshasa. Kauli hii inaudhi, maana inageuza kosa la uandishi kuwa fumbo. Chukua programu-jalizi ya WordPress, mfumo wa kuendesha tovuti, iliyoandikwa kwa lugha ya PHP. PHP husoma faili zima kabla ya kulitekeleza. Ikikuta nukta-mkato imesahauliwa au bano halikufungwa, hulikataa lote, na ukurasa unaweza kubaki mweupe. Lakini hutoa sababu, kwenye skrini au katika kumbukumbu za seva: jina la faili na namba ya mstari. Ikitaja mstari wa 42, utazame, kisha panda hadi wa 41, kwa kuwa nukta-mkato iliyokosekana mwishoni mwa mstari hugunduliwa pale neno linalofuata linapotokea. Kinachotakiwa ni kusoma kwa makini na kuhesabu mistari. Kijana aliyemaliza sekondari Kabambare anayaweza yote mawili.

Husemwa ujumbe wenyewe ni wa Kiingereza. Hoja dhaifu kabisa! PHP ilianzishwa na Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, na kwa miaka mingi mojawapo ya jumbe zake za makosa ilikuwa na maneno ya Kiebrania, kwa sababu Zeev Suraski na Andi Gutmans walioandika upya kiini chake walitoka Israeli. Waandishi wa programu duniani kote waliyazoea. Mtoto wa Maniema anaishi kwa Kiswahili na kusoma kwa Kifaransa. Maneno matano ya kigeni hayamshindi.

Wengine wanahofia kijana ataharibu kila kitu. Ataharibu nini? Makala zimo kwenye hifadhidata, si katika faili lile, na ukibadilisha jina la folda ya programu-jalizi, inazimika na tovuti inarudi. Tangu toleo la 5.2 la mwaka 2019, WordPress yenyewe huweza kuisimamisha na kumtumia msimamizi barua pepe yenye kiungo cha kuingilia. Ila msimamizi aliyeandikishwa yuko Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa, na anataka kulipwa kwanza. Tumefundishwa kungoja kila kitu. Daraja likikatika kwenye barabara ya Kasongo na Kabambare, tunangoja, na angalau daraja linadai vyuma na saruji. Nukta-mkato haidai chochote. Anwani ya msimamizi na nywila ya seva ziwe mikononi mwa vijana wa hapa, nao wanakili faili kabla ya kuligusa.